Kijiko Kwenye Bomba

Kwanza mnijue. Mimi ni Nedka, mshonaji wa sare hapa Pernik, mji wa migodi ya makaa, mlango B, ghorofa ya tano, na nina mdomo. Nalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na Ginka wa ghorofa ya pili, maana yeye akisimulia hutia chumvi. Kuna mtu nilitakiwa kumwomba msamaha. Nilikuwa na siku mbili nzima za kufanya hivyo, na sikufanya. Hadithi yenyewe ndiyo hiyo, mengine yote ni rejeta tu.

Haya, tuanze na hizo rejeta. Jengo letu, kama majengo yote ya mtaa huu, linapashwa joto na mtambo wa mji. Maji ya moto yanapanda kwa mabomba yaliyo ukutani, kutoka chini hadi juu, nyumba moja baada ya nyingine, na kila chumba kina rejeta yake ya chuma chini ya dirisha. Kila rejeta ina vali ya kufungua na kufunga, na kijimita kinachohesabu ulichotumia. Ukifungua, unalipa. Ukifunga, unalipa kidogo, kwa sababu bomba lile la ukutani huwezi kulizuia, nalo lina joto lake.

Majira ya baridi ya mwaka wa tatu nyuma nilifunga zote nne. Krr, krr, krr, krr, basi. Bili ya mwezi uliokuwa umepita ilinitoa machozi, nikasema hawa hawanipati tena. Nikanunua utepe wa sponji nikaziba madirisha. Nikabandika karatasi za kung'aa nyuma ya rejeta, ingawa mwenye akili angeuliza karatasi ya nini nyuma ya rejeta iliyofungwa. Nikashona mito myembamba ya kuziba chini ya milango, nikaijaza mabaki ya vitambaa vya kazini. Mapazia mazito, zulia juu ya zulia. Na nyumba ikawa na joto! Si joto la kuvua sweta, lakini joto la mtu kuishi. Nikaweka kipimajoto juu ya kabati, kila jirani aliyekuja kuomba chumvi nikampeleka akakisome.

"Ona hapo. Digrii ishirini na moja, na rejeta zimefungwa. Gusa mwenyewe!"

"Wee Nedka," Ginka alisema, "wewe mchawi."

"Si uchawi shoga, ni akili. Bomba la ukutani linatosha. Nyinyi mnapasha joto mbingu."

Nilijipiga kifua hivyo kwenye benchi la mbele ya mlango, mwaka mzima, kiangazi na baridi. Wanawake wakawa wananiuliza maswali kama mimi ni daktari. Wengine wakafunga na wao, wakakaa wiki moja, wakafungua tena huku wanapiga chafya. Niliwacheka. Niliwaambia hawajui kuziba milango.

Vuli iliyofuata nikamleta mama yangu kutoka kijijini. Stamena, miaka themanini na minne, alikuwa ameanguka akianua nguo kwenye kamba na nyonga ikavunjika. Nilimpa sebule, kwa kuwa ndiyo kubwa na ndiyo ina jua. Alikuwa analala kwenye kochi la miguu mifupi, anajikokota hadi chooni kwa kushikilia fremu ya chuma, na mchana kutwa alikuwa peke yake mimi nikiwa kiwandani. Nilijiambia akisikia baridi nitafungua rejeta ya sebuleni, hiyo moja tu. Na haki ya Mungu ningefungua. Lakini wiki ya kwanza alilalamika kidogo tu, miguu, magoti, na ya pili akanyamaza. Akawa anashusha mguu kochini anakanyaga zulia na kusema, "Sakafu yako ina joto, mwanangu. Kama mgongo wa mkate." Nikafurahi kupita kiasi. Nikampeleka Ginka akasikie kwa masikio yake.

Alikuwa na tabia moja tu iliyonikera. Asubuhi, nikivaa viatu vya kwenda kazini, alikuwa anachukua kijiko cha chai na kugonga bomba la ukutani. Ting, ting. Halafu anasubiri, kichwa amekiinamisha.

"Mama, unafanya nini?"

"Nagonga."

"Naona unagonga. Kwa nini?"

"Kwani kuna ubaya?"

"Utabandua rangi. Na majirani watadhani tunawagombeza."

Maana kwetu huku bomba likigongwa ujue jirani amechoka na muziki wako. Mama alikuwa anaweka kijiko chini, anatabasamu tabasamu la mtoto aliyekamatwa na sukari. Nilijua ni uzee, na sikuona la kufanya kuhusu uzee.

Sasa Mzee Metodi. Alikuwa anaishi chini yangu, ghorofa ya nne, nyumba ileile kama yangu, chumba juu ya chumba. Mchimbaji wa makaa aliyestaafu, mjane, mrefu, na kifua kilichokuwa kinapiga mluzi akipanda ngazi. Na kati ya wote tunaotumia ngazi za mlango wetu hakuna aliyekuwa na bili kubwa kumzidi. Karatasi za bili zilikuwa zinachomekwa kwenye masanduku ya barua ya pale chini, na masanduku yetu yana matundu, mtu akitaka kuona ataona. Nilitaka, nikaona.

Kwenye mkutano wa wakazi, tulikuwa tumesimama ngazini tunazungumzia taa ya mlangoni, nikamgeukia.

"Mzee Metodi, eti pensheni ya mgodini ni kubwa kiasi hicho? Unaoka nini humo ndani?"

Watu wakacheka. Yeye akavua kofia akajikuna.

"Mifupa yangu imezoea chini, Nedka. Chini kuna joto. Huku juu naganda."

"Njoo nikufundishe kuziba madirisha!"

"Nishazeeka mno kufundishwa, mama. Acha nipoteze."

Wakacheka tena, na mimi nikacheka kuliko wote. Tena nilikuwa na kisa kingine juu yake, nacho nilikipeleka kwenye benchi kikiwa bado cha moto. Siku moja nilishuka kumwomba gudulia la siki kwa ajili ya kabichi ninalochachusha kwenye pipa. Akafungua mlango amevaa koti. Koti la nje, na kofia! Alikuwa amekaa jikoni, redio inaongea, na jikoni kwake kulikuwa na baridi ya kuhifadhia nyama. Rejeta ya jikoni, imefungwa. Ya chumbani, imefungwa. Lakini mlango wa sebule ulipofunguka kidogo, joto lilinipiga usoni kama la tanuri, na sebuleni hapakuwa na mtu. Viti vimefunikwa shuka. Maua yake ya dirishani, basi.

"Anapasha joto maua," niliwaambia kina Ginka, "mwenyewe anaganda jikoni! Jamani, kichwa kimekwenda."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega.

Januari hii kifua kilimzidi. Kabla gari la hospitali halijafika alipanda ngazi mwenyewe, ghorofa moja, akasimama mara mbili, akanipa ufunguo. Hilo ni jambo la kawaida kwetu, ufunguo wa mtu aliye safarini hukaa kwa jirani.

"Maua, Nedka. Kila baada ya siku moja, kikombe kimoja."

"Haya mzee, usihangaike."

"Na rejeta ya sebuleni usiiguse. Iache vilevile."

"Sawa."

"Vilevile, umesikia?"

"Nimesikia, mzee, mimi si kiziwi!"

Akachungulia nyuma yangu, kuelekea sebuleni kwa mama. "Msalimie," akasema, akashuka.

Kesho yake nikaenda kumwagilia maua. Nikasimama katikati ya ile tanuri isiyo na mtu. Mnanijua sasa. Mtu yuko hospitali, na kijimita kinazunguka, kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya viti vyenye shuka? Nilihisi uchungu wa kweli, kama naona maji safi yanamwagika barabarani. Nikasema, huyu mzee wa watu hana wa kumsaidia, atarudi akute bili imepungua, atanishukuru. Nikainama nikafunga vali mpaka mwisho. Nilipata na nguvu za kutabasamu. Ala, mimi huyo!

Siku ya tatu akanipigia simu kutoka wodini. Sauti ilikuwa ndogo, mluzi mwingi.

"Maua hayajambo?"

"Yanakunywa kuliko wewe."

Akacheka, akakohoa. "Na rejeta ya sebuleni iko wazi?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ningesema nimefunga, angenifokea, ningefungua, yangeishia hapo. Lakini nilitaka aone mwenyewe kwenye bili, na sikutaka kubishana na mgonjwa.

"Wazi, mzee. Wazi kabisa."

"Basi vizuri," akasema. Akapumua. "Na mama hajambo?"

"Hajambo, mzima wa afya."

"Vizuri sana. Basi vizuri sana, Nedka."

Nilikata simu nikaona ana adabu, anakumbuka kuuliza wazazi wa watu. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyosemezana, na langu lilikuwa uongo.

Kwa sababu mama hakuwa mzima wa afya. Tangu siku ya pili sebule ilianza kupoa. Kipimajoto kikashuka ishirini, kumi na nane, kumi na sita. Nikamvika mama soksi za sufu, mbili mbili, nikampa chupa ya maji ya moto, nikaziba upya chini ya mlango. Nikailaumu hali ya hewa, maana nje theluji ilikuwa imefika kwenye vioo vya magari. Nikalilaumu bomba. Kila kitu nilikilaumu isipokuwa mkono wangu. Na mama alikuwa anagonga na kijiko. Si asubuhi tu, sasa hata nikirudi kazini namkuta anagonga. Ting, ting. Anasubiri. Ting, ting.

"Hajibu," alisema siku moja.

"Nani hajibu?"

Akaangalia pembeni. "Hakuna."

"Mama, nimekuomba kwa wema. Kelele hizo zinanipasua kichwa, nimeshona tangu saa moja asubuhi!"

Nikamnyang'anya kijiko. Nilikitia mfukoni mwa aproni, mbele yake, kama mwalimu. Alivuta blanketi hadi kidevuni akageukia ukuta, na usiku huo akaanza kukohoa.

Siku ya Alhamisi kikohozi kiliniogopesha, nikainama kwenye rejeta ya sebuleni nifungue. Ndiyo, Nedka bingwa akainama. Vali ilizunguka vizuri, lakini rejeta ikabaki baridi kama jiwe la mtoni. Nikafungua, nikafunga, nikafungua, nikaipiga na kiatu. Wapi! Nikampigia Rangel, fundi wetu wa mabomba, ambaye kila vuli anapita nyumba hadi nyumba kutoa hewa kwenye rejeta. Nikaomba ruhusa kazini, akaja saa nne asubuhi.

Alivua kile kichwa cha plastiki cha vali, akanionyesha kijipini kidogo cha chuma ndani.

"Kimeganda, mama. Hiki kinatakiwa kuingia na kutoka. Umekifunga miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Mitatu! Hata mlango ukifungwa miaka mitatu bawaba zinashika kutu. Vali hata kama huitumii uizungushe mara moja moja, nilishawaambia." Akakipaka mafuta, akakigongagonga na shina la bisibisi, kikaruka. Maji yakaanza kulia ndani ya chuma. "Haya, itapata moto. Lakini kwa nini leo? Si wewe unayetamba kwamba bomba linatosha?"

"Lilikuwa linatosha mpaka wiki iliyopita. Nadhani lina hewa. Hebu lipime."

Akalishika bomba kwa kiganja. "Halina hewa, ni la moto kama siku zote. Bomba moja halipashi sebule nzima, mama Nedka." Kisha akapiga goti, akafunua pembe ya zulia, akaweka kiganja kwenye sakafu. Akakaa hivyo muda. "Mbona sakafu imepoa? Mzee Metodi yuko wapi?"

"Hospitali, kifua. Kwani yeye anahusika vipi?"

"Na rejeta yake?"

Nikajikuta nasema kwa fahari, hebu fikirini, kwa fahari! "Nimemfungia. Kuna haja gani ya kupasha joto viti?"

Rangel aliniangalia. Ni mtu wa mzaha, mtu wa kuimba akifanya kazi, lakini pale hakuwa na mzaha hata kidogo.

"Mama Nedka. Moto wako ndio ulioufunga. Tangu mwaka wa kwanza joto lako linatoka kwake chini."

"Unasema nini wewe?"

"Vuli ya miaka miwili iliyopita aliniita. Akanitaka niongeze vipande vitano vya chuma kwenye rejeta ya sebuleni, iwe kubwa, itoe joto zaidi. Nikamwambia mzee, unataka kuoka mikate? Akasema, juu yangu analala bibi mgonjwa, na binti yake amefunga. Joto likijaa huku chini, dari yangu ndiyo sakafu yake. Tukafunga ya jikoni na ya chumbani ili asizidiwe na bili. Nikamwuliza wewe utakaa wapi? Akasema, nina koti."

Nikakaa kwenye kochi, upande wa miguu ya mama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, Nedka ana kiburi. Akijua atamhamishia mama yake chumba cha nyuma kwa hasira, na kule kuna ukungu."

Na mnajua kilichoniuma kuliko vyote? Ni kweli. Ningemhamisha. Ningesema sihitaji sadaka ya mtu, ningesukuma kochi mwenyewe mpaka chumba cha nyuma. Yule mzee niliyesema kichwa kimekwenda alinijua kuliko ninavyojijua.

Nikageuka. Mama alikuwa macho, anatusikiliza.

"Mama, ulijua?"

"Nipe kijiko changu," akasema.

Nikampa. Alikishika tu kifuani, hakugonga.

"Alikuwa anapanda kunisalimia ukiwa kazini," akasema. "Wiki ile ya kwanza aliniona nasugua magoti. Akanifundisha. Mgodini walikuwa wanagongeana kwenye mabomba, wakiwa mbali wasisikiane. Nikigonga mara mbili, nina baridi. Yeye anajibu mara tatu, pole pole usisikie wewe, maana yake nimekusikia, naongeza. Nikigonga mara moja, inatosha."

"Na hukuniambia! Miaka miwili, mama!"

"Ungepiga kelele."

"Nisingepiga kelele!"

"Unapiga sasa," mama akasema.

Rangel akajifanya anapanga vifaa vyake.

Tulishuka naye, tukafungua rejeta ya Mzee Metodi mpaka mwisho. Vipande vile vitano vya nyongeza vilionekana wazi, rangi yake mpya kuliko vingine. Wiki nzima nilikuwa namwagilia maua juu yake, sikuviona. Kando ya dirisha, kwenye msumari, spana ndogo ilikuwa imening'inizwa kwa kamba, karibu kabisa na bomba. Hiyo niliiona, nikadhani ni uzembe wa wanaume.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana. Hospitali ni vituo vinne vya basi. Saa za kuona wagonjwa ni kumi jioni. Simu ilikuwa mfukoni mwangu.

Sasa niwaambie jinsi mtu mwenye mdomo anavyokosa mdomo. Niliishika simu. Nikaiweka. Nilisema, ngoja kwanza sebule yake ishike moto, ngoja na ya mama ishike, ili nikimwambia nimefunga niweze kumwambia papo hapo kwamba tayari nimefungua. Ijumaa nikasema, mtu haendi hospitali mikono mitupu. Nikatoa majani ya kabichi kwenye pipa, nikasaga nyama, nikasema nitamfungia sarma Jumamosi, nizipike taratibu, nimpelekee Jumapili na mtindi. Jumapili watu wana nafasi, tutazungumza vizuri. Nilipanga mpaka maneno. Nitasema, Mzee Metodi, mimi mpumbavu. Naye atasema, najua, mama. Tutacheka.

Kazi sikuwa nayo siku zile mbili, ruhusa nilikuwa nimepewa hadi Jumatatu. Ilikuwa aibu tu. Aibu ilinikalia kifuani, nikaipikia.

Jumamosi mchana, sarma zikiwa bado jikoni zinachemka, mpwa wake Boyana akanipigia. Alikuwa analia, sikumwelewa mara ya kwanza. Mzee aliondoka asubuhi, wakati wauguzi wanagawa chai. Boyana akaniuliza kama nina ufunguo, kama naweza kumtafutia suti yake ya kahawia, iko kabatini. Nikasema naweza.

Alasiri karatasi ya msiba ilikuwa imebandikwa mlango wa chini, picha yake ya enzi za mgodini, kofia ya kazi kichwani, anacheka. Ginka alikuwa amesimama pale anajifuta macho.

"Maskini Metodi na maua yake," akasema, anataka tukumbuke kile kisa.

"Funga mdomo, Ginka," nikamwambia. "Funga mdomo wako na wangu."

Alishangaa, lakini sikumweleza. Leo ndiyo naeleza.

Mama sikumwambia. Alikuwa anakohoa bado, ingawa kikohozi kilikuwa kimelegea, na mashavu yamepata rangi. Jumapili aliniuliza kama nimekwenda kumwona. Nikasema nimekwenda. Kwa kweli nilikuwa nimekwenda hospitali, lakini si wodini, nilipeleka suti chumba cha maiti. "Ulimwambia nimepata joto?" Nikasema ndiyo. Uongo wa pili, baada ya ule wa simu, na wote kuhusu joto hilohilo.

Jumatatu asubuhi nilishuka kumwagilia maua kabla ya kwenda kazini. Boyana alisema niendelee mpaka watakapoamua kuhusu nyumba. Sebule ilikuwa tanuri tena, nimeiacha hivyo, na bili hiyo nimeshamwambia Boyana ni yangu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha maji ndipo bomba likalia.

Ting, ting.

Sauti ndogo, ya mbali kidogo, lakini safi kabisa. Miaka miwili nilisikia sauti ile kutoka juu, pale alipokaa mgongaji. Sikuwahi kusimama mahali ilipokuwa inafika. Mzee Metodi alikuwa akikaa jikoni na koti lake ili aisikie hiyo, ainuke, aje hapa.

Niliweka kikombe chini. Nikachukua spana kwenye kamba. Nikaogopa nitakosea hesabu. Nikagonga. Moja, mbili, tatu. Nikasubiri. Juu hakukujibiwa kitu.

Nilipopanda, mama alikuwa ameketi kochini, miguu kwenye zulia, kijiko mapajani. Hakuniangalia.

"Amekufa lini?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Nedka."

Nikakaa sakafuni, hapo hapo kwenye zulia. Sakafu ilikuwa na joto.

"Jumamosi. Umejuaje?"

"Niligonga nione kama amerudi. Metodi anagonga pole pole, kama anabisha hodi kwa mtu aliyelala. Wewe umegonga kama unafukuza mbwa." Akanishika kichwa kwa mkono wake mkavu. "Na angekuwa hai usingegonga badala yake. Ulimwambia lakini? Kabla?"

"Sikumwambia."

"Hata kwa simu?"

"Hata kwa simu. Nilikuwa napika, mama. Nilikuwa napika sarma."

Nilitaka anifokee. Mimi ningefoka. Mwishowe akanipa kijiko, akanikunjia vidole juu yake.

"Basi gonga sasa," akasema. "Taratibu."

Nikasogea kwenye bomba kwa magoti. Nikainua kijiko, nikakumbuka kwamba sijui nigonge mara ngapi. Mara mbili ni baridi, na sikuwa na baridi. Mara moja ni inatosha.

"Mgodini walikuwa wanagonga vipi wakitaka kuombana msamaha?" nikamwuliza.

Mama alifikiri, akatikisa kichwa.

"Hiyo hakunifundisha," akasema. "Hatukuwahi kuihitaji."